Sukari Inaposhuka kwa Mtoto wa Mbwa: Glukosi, Asali, Soda au Moja kwa Moja kwa Daktari?

Mtoto wa mbwa ambaye sukari yake imeshuka anaweza kutoka kwenye usingizi usio wa kawaida hadi kwenye degedege ndani ya muda mfupi sana, na mfugaji aliye peke yake usiku wa manane huko Buswelu au Igoma, Mwanza, hana nafasi ya kuanza kuulizana na majirani. Kila jirani, hata hivyo, ana dawa yake: mmoja atasema asali, mwingine soda, wa tatu maziwa ya moto, na wa nne ataapa kwamba mbwa amekula sumu. Nimeandika ulinganisho huu ili uamuzi ufanyike mapema, mchana, akili ikiwa imetulia. Msimamo wangu nautaja tangu mwanzo: glukosi ya unga inayouzwa katika maduka ya dawa ndiyo inayostahili kuwekwa ndani ya nyumba yenye watoto wa mbwa, asali ni mbadala mzuri, na vingine vyote viko nyuma kwa mbali. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoziba pengo la mlo unaofuata, wala kinachomwondolea mfugaji wajibu wa kutafuta chanzo.

Mbwa mdogo wa kigeni na mbwa wa kienyeji

Kwa mbwa mwenye afya, sukari ya damu huwa kati ya milimoli 4.4 na 6.7 kwa lita moja. Ikiwa chini ya 3.3 huhesabiwa kuwa imeshuka, na dalili nzito huonekana mara nyingi inapokaribia 2.2 au chini ya hapo. Mbwa mkubwa anaweza kushinda na njaa asifike huko, kwa sababu ini lake lina akiba ya sukari, na akiba hiyo ikiisha hutengeneza nyingine kutokana na protini na mafuta ya mwili. Mtoto hana utajiri huo: ini lake ni dogo na halijakomaa, akiba yake ni ya saa chache, nyama na mafuta ya kuchota ni haba, na ubongo wake, ambao hutegemea sukari kuliko kiungo kingine chochote, ni mkubwa ukilinganishwa na mwili unaoubeba.

Hata hivyo watoto wote hawako katika hatari sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uamuzi wa kwanza. Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian na Maltese, ambao siku hizi hufugwa hata hapa Mwanza, wanaweza kushukiwa na sukari bila kuwa na ugonjwa wowote, hasa kabla ya kufika umri wa miezi 3 au 4. Kuruka mlo mmoja kunatosha, au usiku wa baridi, au mchezo wa muda mrefu na watoto waliotoka shule. Baadhi yao huletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya boksi lenye matundu, na pengine hawalishwi njiani ili wasichafue boksi. Anayempokea mtoto wa namna hiyo kwenye stendi ya Nyegezi asiufurahie utulivu wake. Aulize alikula lini mara ya mwisho, amguse masikio na nyayo kama zimepoa, na ampe chakula pale pale kabla ya kumpeleka kuonyeshwa kwa ndugu na jamaa.

Mtoto wa mbwa wa kienyeji, au wa Jemani Shepadi ambaye wenye yadi na maghala humpenda kwa ulinzi, ni habari nyingine. Mwili wake una akiba kubwa zaidi, na akishukiwa na sukari huwa kuna jambo jingine nyuma yake: minyoo, ugonjwa wa pavo (virusi vinavyoshambulia utumbo), homa ya kupe, mama asiye na maziwa ya kutosha watoto tisa, au sakafu ya saruji inayopoa usiku katika miezi ya mvua. Kwa Chihuahua aliyekosa mlo, sukari mdomoni na chakula baada yake vinaweza kuwa ndiyo tiba yote. Kwa mtoto wa kienyeji, sukari hiyo hiyo ni ya kumfikisha akiwa hai mbele ya daktari, basi.

Je, ni sukari au ni kitu kingine?

Dalili za kushuka kwa sukari huanza kwa unyonge: mtoto anaacha kucheza, anajitenga, haamki upesi akiitwa. Kisha anayumba, anatetemeka, macho yanakodoa bila kuangalia kitu, kichwa kinalalia upande mmoja, na mwili unapoa. Mwisho wake ni degedege, kuzimia na kifo. Tatizo ni kwamba karibu kila moja ya dalili hizi huonekana pia katika magonjwa mengine, na ndiyo maana mambo mawili yana uzito kuliko dalili zenyewe: saa ya mlo wa mwisho, na jinsi mwili unavyoitikia sukari. Mtoto ambaye shida yake ni sukari tupu huanza kubadilika ndani ya dakika chache baada ya kuipata. Asiyebadilika ndani ya dakika 10 ama ameshuka mno, ama anaumwa kitu kingine, na kwa vyovyote safari ya kwa daktari inapaswa kuwa imeanza.

Ufizi husaidia sana kutofautisha. Inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba, utazame nyama iliyo juu ya meno, uibonyeze kidogo na kuiachia: kwa mtoto mzima ni ya waridi, na rangi iliyopotea kwa kubonyezwa hurudi ndani ya sekunde 2. Sukari peke yake inaweza kuufifisha ufizi huo, lakini ukiwa mweupe pee, damu imepungua, na hapo wa kushukiwa kwanza ni minyoo ya safura au kupe. Safura huwafikia watoto kupitia maziwa ya mama yao na huwanyonya damu wakiwa bado na wiki chache, wakati homa ya kupe mara nyingi huleta pia joto kali na mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa. Homa ya kupe ikiwa kali hushusha pia sukari, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa wakati mmoja. Pavo hutambulika kwa kutapika na kuharisha kunakonuka vibaya, mara nyingi kukiwa na damu, na humpata zaidi mtoto wa kati ya wiki 6 na miezi 6. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huja na matongo machoni, makamasi na misuli inayorukaruka hata mtoto akiwa amelala.

Yupo mmoja anayefanana na sukari kiasi cha kuwadanganya hata wafugaji wazoefu, naye ni mtoto aliyeogeshwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Kanda ya Ziwa ni nchi ya ng'ombe, na chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo hukosekana katika nyumba chache. Mwenye nyumba huona kupe kwenye masikio ya kijibwa, akachanganya kwa kukadiria, akamwosha. Dawa nyingi za aina hiyo zina amitrazi, ambayo humfanya mtoto alegee, asinzie, apoe na kuyumba, kama hasa aliyeishiwa na sukari. Ndani ya damu, hata hivyo, mambo ni kinyume kabisa, kwa sababu amitrazi huzuia insulini na sukari hupanda. Kumwongezea sukari mtoto huyo hakumsaidii chochote. Anatakiwa aoshwe dawa hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, afunikwe apate joto, na apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Vilivyomo kabatini, kimoja baada ya kingine

Njia ya haki ya kuvilinganisha vitu vya nyumbani ni kuviuliza swali moja: ili mtoto wa kilo 1 apate nusu gramu ya sukari, ambayo ni kiasi cha kuanzia kinachofaa, anatakiwa kumeza kiasi gani cha kitu hicho? Majibu yanaachana mno.

Glukosi ya unga, ukichanganya kijiko kimoja cha chai na kijiko kimoja cha chai cha maji ya uvuguvugu mpaka uwe uji mzito unaong'aa, hutoa nusu gramu hiyo ndani ya mililita 1 tu. Glukosi ndiyo sukari yenyewe inayozunguka kwenye damu, kwa hiyo haihitaji kuvunjwa na kimeng'enya chochote wala kupitishwa kwenye ini ili igeuzwe. Inafanya kazi kwa mtoto wa wiki 2 kama inavyofanya kazi kwa wa miezi 3. Bei yake ni ndogo, inapatikana karibu kila duka la dawa, na haiharibiki mradi paketi imefungwa vizuri, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa ikaganda. Ile yenye vitamini C au kalsiamu iliyoongezwa haina neno. Udhaifu wake pekee ni kwamba inatakiwa kuchanganywa, na mikono inayotetemeka usiku humwaga. Nashauri kijiko, paketi na bomba dogo la sindano lisilo na sindano vikae pamoja katika kopo moja.

Asali huishinda glukosi kwa jambo moja: iko tayari. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni sukari, na kwa kuwa ni nzito, nusu mililita tu inatosha kwa mtoto wa kilo 1. Hunata kwenye ufizi badala ya kutiririka, jambo linalopunguza hatari ya kumpalia. Upungufu wake ni kwamba glukosi ndani yake ni chini ya nusu ya sukari yote, na sehemu kubwa zaidi ni fruktosi, ambayo ini linatakiwa kuigeuza kwanza, ini lile lile ambalo tumesema halijakomaa. Wengi wanaonunua asali barabarani huogopa kwamba imeghushiwa kwa maji ya sukari. Kwa matumizi haya hofu hiyo isimcheleweshe mtu, maana hata iliyoghushiwa bado ni sukari. Ipakwe nyembamba. Donge la asali ndani ya mdomo wa mtoto aliyezimia linaweza kuziba njia ya hewa.

Sukari ya mezani ndiyo iliyo katika kila nyumba kuanzia Mabatini hadi visiwani, na asiye na kingine asisite kuitumia. Iyeyushwe vijiko viwili katika kijiko kimoja cha maji ya moto, ipozwe, ndipo ipakwe. Ni lazima imezwe na kufika kwenye utumbo ili ivunjwe, na kwa mtoto mchanga vimeng'enya vya kuivunja bado ni vichache, kwa hiyo huchelewa. Kumnyunyizia sukari kavu mdomoni si jambo jema: chembe zake hukwaruza na huweza kuingia kooni mtoto asipokuwa na fahamu.

Kuhusu soda, wanaoipendekeza wana hoja kwamba inapatikana popote, lakini hesabu inawakataa. Katika mililita 100 za soda ya kawaida kuna takriban gramu 10 za sukari, maana yake mtoto wa kilo 1 atahitaji mililita 5, mara tano ya glukosi iliyochanganywa, tena zenye gesi, akiwa hawezi kumeza vizuri. Soda za kola zina kafeini, ambayo haifai kabisa kwa mbwa, na vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi. Soda zinazoandikwa kuwa hazina sukari hazina msaada wowote. Juisi ya miwa ya barabarani ina sukari ya kutosha, lakini siwezi kuishauri kwa sababu ya usafi wake kwa mtoto ambaye tayari ni dhaifu.

ORS inastahili kutajwa kwa sababu watu wenye elimu nzuri ya afya ndio wanaoikimbilia, wakijua kwamba ina glukosi. Ni kweli inayo, lakini fomula ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2002 ina gramu 13.5 tu katika lita nzima. Ili kupata nusu gramu, mtoto wa kilo 1 atatakiwa kunywa mililita 37, kiasi ambacho tumbo lake halikiwezi kwa mkupuo. ORS ni ya kurudisha maji kwa anayeharisha, na hapo ina heshima yake.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kama huduma ya kwanza. Sukari yake ni laktosi, karibu gramu 5 katika mililita 100, nayo huhitaji kuvunjwa; na kwa mtoto aliyekwisha achishwa, maziwa mengi huleta kuharisha ambako kutamrudisha pale pale.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kukaa karibu na mbwa hata kidogo, nacho ni zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Hutumika kutia utamu bigijii zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno, na hata baadhi ya siagi za karanga za kigeni. Kwa binadamu haina madhara makubwa, lakini kwa mbwa huiamuru kongosho imwage insulini, na gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kushusha sukari ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ikizidi huua ini. Bigijii moja inaweza kumzidi mtoto wa kilo 2. Huyo apakwe sukari na apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama anaonekana amepata nafuu.

Anameza au hamezi

Uamuzi wenye uzito kuliko wote si glukosi au asali, bali ni kama mtoto anaweza kumeza. Weka tone moja kwenye mdomo wa mbele. Akitoa ulimi na kulamba, anaweza kupewa kidogo kidogo kwa kidole au kwa bomba, mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo, akiwa amesimama au amelala kifudifudi kichwa kikiwa sawa na mwili. Asipolamba, usimmiminie chochote. Kioevu kinachomwagwa kwenye koo la mtoto asiye na fahamu huingia mapafuni, na atakayenusurika na sukari anaweza kufa kwa nimonia siku chache baadaye. Huyo alazwe ubavu, kichwa kishuke kidogo kuliko mwili, na glukosi ipakwe utando mwembamba ndani ya shavu na juu ya ufizi kwa ncha ya kidole, irudiwe kila baada ya dakika chache njiani kuelekea kwa daktari. Ufizi hunyonya kiasi kidogo tu, na sehemu kubwa hufanya kazi inapoteleza yenyewe na kumezwa, ndiyo maana kupaka hakutoshi kuwa tiba kwa aliyezimia. Wakati wa degedege usiingize kidole katikati ya meno. Subiri mshtuko upite, ndipo umpake.

Mtoto aliye chini ya wiki 2 ana utaratibu wake, na hapa kosa la kawaida ni kukimbilia kumlisha. Katika wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, na joto lake la kawaida ni nyuzi 35 hadi 37 tu. Likishuka chini ya 34 hivi, tumbo husimama, na maziwa yanayoingizwa hubaki humo au hurudi na kumpalia. Apashwe kwanza, polepole, kwa muda wa saa moja au zaidi, kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa au ndani ya shati la mtu, na apakwe tone la glukosi kwenye ufizi wakati huo huo. Maziwa yafuate mwili ukishapata joto. Kumweka juani, kama wengi wafanyavyo asubuhi, humuunguza upande mmoja na kumwacha baridi upande mwingine.

Mashine ya kupima ya binadamu

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari huwa na mashine, na inaweza kutumika kwa tone la damu kutoka ukingo wa ndani wa sikio. Ni lazima tu majibu yake yasomwe kwa tahadhari. Mashine zilizotengenezwa kwa damu ya binadamu husoma chini kidogo ya hali halisi ya mbwa, kwa sababu sukari katika damu ya mbwa iko zaidi kwenye maji ya damu kuliko ndani ya chembe nyekundu. Kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa safura hugeuka na kusoma juu, na hilo ndilo la hatari, kwa kuwa humwonyesha mzima aliye mgonjwa. Faida yake kubwa naiona katika ule mkanganyiko wa dawa ya ng'ombe: ikisoma 12, hakuna haja ya kuendelea kupaka glukosi. Vinginevyo, mtoto anayeyumba na ambaye hakula tangu jana asicheleweshwe kwa kutafuta vijiti vya kupimia.

Nyumbani au kwa daktari

Anayeweza kubaki nyumbani ni mmoja tu: mtoto wa zaidi ya wiki 6, ambaye sababu ya kushuka inajulikana kuwa ni kukosa mlo, aliyeitikia sukari ndani ya dakika 10, akala mwenyewe baada yake, na hatapiki wala kuharisha. Wengine wote waende, akiwemo yule ambaye hali imemrudia ndani ya saa 24, kwa kuwa kurudia ni dalili ya chanzo kisichoguswa, pengine minyoo, pengine kasoro ya kuzaliwa nayo katika mishipa ya ini.

Daktari wa mifugo atatafuta mshipa na kumwingizia dekstrozi (yaani glukosi ya maji ya kudunga) ya asilimia 50, nusu mililita hadi mililita 1 kwa kilo, akiwa ameipunguza makali kwa maji ya dripu, polepole, kisha atamwacha kwenye dripu yenye sukari kidogo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaonunua chupa hiyo wenyewe na kumchoma mtoto chini ya ngozi. Dekstrozi kali chini ya ngozi huua nyama na kuacha jipu, na katika mshipa bila kupunguzwa huuchoma mshipa wenyewe. Tofauti kati ya kuipaka mdomoni na kuidunga ni kubwa, na ya pili si kazi ya nyumbani.

Kwa aliye mjini, Nyamagana au Ilemela, swali ni kama anayo namba ya daktari anayepokea simu usiku; kama hana, aitafute leo. Kwa wa Sengerema, tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Wa Ukerewe na visiwa vingine ndio wenye mzigo mzito, kwa kuwa safari ya majini ni ya saa kadhaa na haiondoki wakati wowote. Kwao ni vema kumuuliza mapema afisa mifugo wa kata kama ana dekstrozi na mipira ya dripu midogo ya geji 24, kwa sababu ile ya ndama haiingii kwenye mshipa wa mtoto wa mbwa, na kama hana, vinunuliwe Mwanza vikakae kwake. Anayesafiri na mgonjwa achukue glukosi iliyochanganywa, ambebe ndani ya nguo akiguswa na ngozi, na asisubiri ayumbe tena ndipo ampake.

Baada ya kuamka: dagaa, mapanki, uji au chakula cha dukani

Sukari iliyopakwa hupanda upesi na kushuka upesi, kwa sababu mwili huijibu kwa insulini. Ndiyo maana ndani ya nusu saa baada ya kusimama mtoto anatakiwa kula chakula chenye protini na mafuta, na kuendelea kula kidogo kila baada ya saa 3 au 4 kwa siku nzima inayofuata. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na desturi ya kumwekea mtoto maji ya sukari kila siku kama kinga. Humjaza bila kumlisha, na humpandisha na kumshusha kutwa nzima.

Uji wa mahindi unafaa kwa mlo wa kwanza wa aliyetoka kwenye unyonge, ukiongezwa yai lililochemshwa, lakini kama chakula cha kila siku hautoshi. Ugali kwa dagaa ndio chakula cha mbwa wengi wa hapa, na ukiandaliwa vizuri nauweka juu kuliko vyakula vingi vya bei rahisi vya dukani. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Jambo la kuzingatia ni mchanga: dagaa wanaoletwa soko la Mwaloni wakiwa wameanikwa chini huwa nao mwingi, hivyo waoshwe kwa maji mawili au matatu, wachemshwe, watwangwe, na wawe kama nusu ya bakuli badala ya kunyunyiziwa juu ya ugali kama kitoweo. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yana nyama na mafuta mazuri na bei yake ni nafuu, ila kwa mtoto yachemshwe na kuchambuliwa kwa vidole mpaka usibaki mwiba hata mmoja. Asiye na muda wa kuchambua aachane nayo. Chakula maalumu cha watoto wa mbwa kinabaki kuwa chaguo langu kwa Chihuahua na wenzake, kwa kuwa tumbo lao ni dogo mno kupokea ugali wa kutosha mahitaji yao, na kinalowekwa kwa maji ya uvuguvugu ili kiliwe upesi.

Idadi ya milo ina nguvu kuliko aina ya chakula. Kati ya wiki 6 na 12, mbwa mdogo wa kigeni apewe milo 5 au 6, mmoja wapo ukiwa wa mwisho kabisa kabla watu hawajalala na mwingine alfajiri. Wa kienyeji milo 4 humtosha. Dawa ya minyoo ianze akiwa na wiki 2, irudiwe kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mama yao apewe pamoja nao. Mtoto wa kienyeji anayeongezeka uzito anaweza kushushwa hadi milo 3 akitimiza miezi 3. Kwa Chihuahua subiri miezi 4 ipite bila tukio, ondoa mlo mmoja wa mchana kwanza, na ule wa usiku uwe wa mwisho kuondolewa.